Mwenye Radi na Mama wa Nafaka

Mvua za Kasulu hazibishi hodi. Wiki iliyopita zilimkuta Immakulata sokoni, gunia lake la maharage likiwa wazi juu ya turubai, na maharage yakaota kama yaliyopandwa. Masikini mama wa watu alilia mbele za watu. Likiota na gunia lililobaki, biashara imekwisha, arudi kijijini Muyama kulima shamba la kaka yake.

Ndipo ikapatikana meza moja chini ya bati. Iliwaniwa na wawili: Immakulata na jirani yake Mwanahawa, muuza vitenge. Sasa, desturi ya soko lile ni kali: meza ikigombaniwa, hupewa mtu wa tatu. Hakuna aliyethubutu kuzozana. Wakakubaliana karata ziamue.

"Hii si kamari, jamani, ni kura tu," Mwanahawa aliwahi kujitetea.

Karata zilikuwa za Kudra, msusi, alizoachiwa na mgeni mmoja aliyeondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Zilichorwa miungu ya Wayunani wa kale, na kwa kuwa majina yao yaliwatatiza watu, soko liliwabatiza upya: Zeu akawa Mwenye Radi, Demeta akawa Mama wa Nafaka. Mchezo wenyewe ni chapuchapu. Unashika karata tatu. Kila zamu unaokota moja, unatupa moja. Aliyotupa mwenzako, ruksa kuichukua. Ukipata tatu za mungu mmoja, umeshinda. Ila anayeshinda kwa Mwenye Radi huimbiwa na soko zima, na Mwanahawa, Mungu amsamehe, alipenda sifa kuliko chai ya asubuhi.

Immakulata alishika Mama wa Nafaka wawili na Mwenye Radi mmoja. Akaokota: Radi wa pili! Aliwatazama wale Nafaka wawili aliokuwa nao tangu mwanzo, akamtupa Radi mmoja.

"Ebo! Unatupa Radi, mama?" watu walimcheka.

Mwanahawa alimdaka yule Radi upesi. Naye mkononi alikuwa na Nafaka wawili na Radi mmoja, sawasawa na mwenzake. Lakini masikio yake yalikwisha kusikia nyimbo. Akatupa Nafaka.

"Mana yanje!" Immakulata aliita Mungu wake kwa Kiha, akaiokota. Akalaza mezani Mama wa Nafaka watatu.

Vigelegele vikapaa. Mwanahawa alishika kichwa, akaangua kicheko.

"Nimejiponza mwenyewe, shoga yangu. Haya, hamia. Kitenge kikilowa huanikwa. Maharage yako je?"

Walilibeba gunia pamoja. Hawakukaa sana, mvua ikashuka. Immakulata aliingiza mkono guniani, akayakuta maharage makavu, akashusha pumzi ndefu na kucheka peke yake huku machozi yakimtoka.

Mwanahawa, akifunika vitenge vyake kwa turubai, alimpigia kelele kutoka mvuani: "Kweli wahenga hawakukosea, mwenzangu: usiache mbachao kwa msala upitao!"