Kwa Nini Nyumba za Ikubu Huyumba

Zamani, kabla nyumba za bonde la Ikubu hazijajua kuyumba, watu wa bonde hilo walijenga kwa mawe. Kila baada ya mavuno, kila kaya iliongeza safu moja ya mawe juu ya kuta zake, kwa sababu wazee waliamini kwamba ardhi hutetemeka kwa kukosa uzito wa kuituliza. Walidhani ardhi ni kama mkeka unaopeperushwa na upepo, ukiuwekea jiwe unatulia. Basi kuta zikapanda, na mwenye ukuta mrefu ndiye aliyeitwa raia mwema. Ujinga ukishapewa heshima, nani wa kuung'oa?

Tena walijenga chini kabisa, kando ya mto, kwenye udongo mweusi ulio laini kama ugali usioiva. Migomba ilistawi huko, na nani asiyependa ndizi za karibu?

Subilaga alikuwa msukaji wa mikeka na vikapu. Mumewe alikufa chini ya ukuta wao wenyewe katika tetemeko dogo, dogo hata vibuyu vya jirani havikumwaga maziwa. Alibakiwa na binti mmoja, Tumpe, aliyeposwa na Ambokile, mpwa wa Mtemi Mwalusako. Siku ya kumpeleka bibi harusi, Subilaga aliitazama nyumba ya bwana harusi, akahesabu safu kumi na mbili za mawe, akamshika binti yake mkono pale mlangoni.

"Mwanangu haingii humu," akasema.

Ngoma zikanyamaza. Mtemi akasogea mbele.

"Mama Tumpe, unataka ardhi itukasirikie sote? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Ni kweli, Baba. Mume wangu alilisikia la mkuu, akavunjika kichwa."

Mtemi akawaka. Akawafukuza bondeni mama na mwana siku ile ile, akaapa kwamba ardhi ikitikisika tena, kosa litakuwa la Subilaga na atalilipa kwa shingo yake. Subilaga hakulia. Alikuwa na hasira iliyokausha machozi.

Akapanda mgongo wa mlima, kwenye mwamba mtupu, akajenga kwa kazi aliyoijua: akaisuka nyumba. Alifunga mianzi kwa kamba bila kuikaza mno, akaezeka kwa nyasi nyepesi. Watu wa bondeni wakaiita tenga la kuku.

Mwaka uliofuata, alasiri moja ya mavuno, ardhi ilitikisika. Safari hii tetemeko lilianzia pale pale, karibu chini ya miguu yao. Watu wa ng'ambo ya milima walisikia vyungu vikigongana tu, lakini Ikubu udongo ule laini ulipanda na kushuka, na kuta zikaporomoka, ndefu zikitangulia. Bahati yao wengi walikuwa mashambani. Lingewakuta wamelala, leo kusingekuwa na mtu wa kusimuliwa habari hii. Hata hivyo walizika watu tisa. Mtemi alifukuliwa akiwa hai, mguu umevunjika.

Juu mwambani, tenga la kuku liliyumba kushoto, likayumba kulia, likasimama.

Waliobaki wakapanda mlima, mtemi wao kwenye machela.

"Wewe ndiye uliyeiudhi ardhi," akamwambia Subilaga.

"Kama nyumba nyepesi ndiyo iliyoiudhi, mbona ardhi imeiacha hiyo, ikaziangusha nzito? Shingo yangu hii hapa, Baba. Ikateni, halafu mtafute wa kuwajengea."

Hakuna aliyenyanyua mkono. Ambokile alichukua panga akaenda kukata mianzi, na wengine wakamfuata.

Nyumba ya Ambokile ilipokamilika, Subilaga alimleta binti yake. Hakutazama paa wala mlango. Aliweka viganja vyote viwili ukutani akasukuma kwa nguvu zake zote, mtemi akishuhudia. Ukuta ukayumba, ukarudi mahali pake.

"Sasa ingia, mwanangu."

Na tangu siku hiyo, nyumba za Ikubu husukwa kwa mianzi juu ya mwamba, na bibi harusi haingii kwake kabla mama yake hajausukuma ukuta. Ukuta ukigoma kuyumba, mama humshika binti yake mkono wakarudi nyumbani, na hakuna mume wala mtemi anayeruhusiwa kuuliza kwa nini.