Mtungi wa Mize

Hapo zamani, katika mji wa Pangamawe, mvua zilikatika hata visima vyote vikakauka, kikabaki kimoja tu, kisima cha Sultani Nasibu, juu kilimani penye jumba lake. Basi Sultani akapiga mbiu: "Kila nyumba italeta chombo kimoja kwa siku, na watumishi wangu watakijaza. Asiondoshwe mtu kabla chombo chake hakijajaa. Tajiri na fukara, wote sawa."

Ikawa kila asubuhi Bwana Muhene, tajiri wa mji, huja na pipa la kuvutwa na punda, akapata maji ya kuoga na ya kunywesha farasi wake. Watu wa bondeni huja na vijungu vyao, wakarudi na maji yasiyotosha uji wa watoto.

Huko bondeni alikuwako mjane aliyeitwa Mize, ambaye watu walimdhania punguani. Siku mtoto wa jirani yake alipozimia kwa kiu, Mize akapanda hata barazani kwa Sultani.

"Maulana, pipa ni chombo kimoja, na kijungu ni chombo kimoja. Huo ndio usawa?"

Bwana Muhene, aliyeketi hapo akinywa sharubati, akacheka. Sultani akasema, "Mama, nani amekuzuia? Nawe njoo na chombo kikubwa kuliko cha Bwana Muhene, utajaziwa."

"Nimesikia, Maulana."

Mize akarudi na uchungu moyoni, maana hakuwa na chombo ila mtungi mmoja mkuukuu. Akautazama sana, kisha akatwaa mchi, akautoboa kitako.

Kulipokucha akawa wa kwanza kisimani. Akausimamisha mtungi juu ya mfereji wa mvua ulioteremka hata bondeni, na watumishi wakamimina. Wakamimina hata mikono ikafa ganzi, na huko chini wanawake wakateka. Bwana Muhene akangoja nyuma na pipa lake hata jua likawa utosini, ndipo akamwita Sultani.

"Maulana, mtungi huu hauna kitako."

"Mbiu ilitaka chombo, Bwana, haikutaka kitako," akasema Mize. "Nami niliambiwa nije na kikubwa kuliko chako. Chako hujaa. Changu hakijajaa bado."

Sultani akaangua kicheko. Lakini alipotazama bondeni akaona watoto wamelala kifudifudi wakinywa mferejini, kicheko kikamkauka. Akaamuru maji yagawiwe kwa hesabu ya watu, na Mize awe mgawaji.

"Na farasi wangu?" akauliza Bwana Muhene.

"Nao wana kiu, watapewa," akasema Mize. "Tutawatolea katika fungu lako."

Basi tangu siku ile Bwana Muhene akawa anaoga kwa kata moja, kama watu.