Mguu Usioitwa na Kiti

"Usichonge mguu usioitwa na kiti." Mmeisikia methali hiyo leo kwa mama yenu, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Nitawaambia, wajukuu zangu, maana miguu yenyewe niliichonga mimi.

Karakana ya Mzee Kapalata, hapa Tabora, ilipata kazi ya viti mia mbili vya chuo cha ualimu. Mbao zake za mninga zilitosha viti hivyo tu. Akatukusanya tushauriane kazi iendeshwe vipi.

Nyamizi, aliyekuwa akiunganisha viti, alisema, "Mzee, niletewe miguu minne tu. Nikiimaliza, nitaita mingine. Kila mtu atengeneze pale tu anapoitwa na anayepokea kazi yake."

"Nikae nimekunja mikono nikisubiri kuitwa kama bwana harusi?" nikamkejeli. "Mimi Mihayo nachonga miguu themanini kwa siku!"

Watu walicheka. Mzee akachagua njia yangu: kila fundi akimbie awezavyo, viti viunganishwe mwishoni. Nyamizi akapelekwa kupiga msasa.

Siku ya kumi rundo langu lilikaribia dari. Kesho yake Nyamizi aliunganisha kiti cha kwanza, akakikalia. Magoti yakampanda juu kama aliyeketi kwenye kigoda cha mtoto.

Mtu mmoja alicheka.

"Mihayo," Nyamizi akasema polepole, "hebu lete fimbo yako ya kupimia."

Akaisimamisha kando ya fimbo ya Mzee. Yangu ilipungua vidole vinne. Ncha ilikuwa imekatika, nami sikujua tangu lini. Nikalirukia rundo na fimbo ya Mzee, nikapima mguu wa juu, wa kati, wa chini kabisa. Yote mitatu ilikuwa mifupi vilevile.

"Yote?" Mzee aliuliza. "Mihayo, yote mia nane?"

"Yote, Mzee," nikasema. Akajishika kichwa, akakaa chini kwenye maranda.

"Ungeniletea minne tu," Nyamizi aliniambia huku machozi yakimtoka, "ningekikalia kiti siku ile ile ya kwanza. Usichonge mguu usioitwa na kiti, kaka yangu."

Chuo kilipeleka kazi kwingine. Karakana ikafungwa kabla ya masika, mafundi saba tukatawanyika, kila mmoja na maneno yale mdomoni, mpaka yakafika kwa watu wasiomjua Nyamizi wala kunijua mimi. Ninyi chekeni tu. Mimi nikiyasikia, bado namwona Mzee amekaa kwenye maranda: usichonge mguu usioitwa na kiti.