Uzi wa Goti la Tluway

Uzi ukikataa, mguu usibishe. Mmeusikia msemo huo uwanjani leo, mkarudi mbio kuniuliza ulikotoka. Mngemuuliza mwalimu wenu angewadanganya, maana hajui. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia nyumbani kwetu.

Babu yenu Tluway, kaka yangu, alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Ninyi mnamjua kwa mkongojo wake. Goti lake la kulia lilikuwa na baridi yabisi, na daktari alisema halitapona, ila likipumzishwa kwa wakati litamfikisha mbali. Kocha wake, Mwalimu Gwandu, akachukua uzi wa sufu, akalizungushia goti siku lilipokuwa limetulia, akafunga fundo pale ncha ya uzi ilipofika. Tangu hapo kazi yangu ikawa kulipima kila asubuhi. Ncha ikifika kwenye fundo, uzi umekubali, Tluway anakimbia. Isipofika, goti limevimba, uzi umekataa, anapumzika.

Miezi minane tuliishi hivyo, na goti likatulia. Kisha zikabaki wiki mbili kabla ya mchujo wa timu ya taifa, na uzi ukakataa siku tatu mfululizo. Kaka akaacha kula. Siku ya nne, nilipompima, ncha haikufika tena.

"Dada, nikikosa mchujo huu hawataniita tena," aliniambia.

Hofu yake ikaniingia na mimi. Nikafungua fundo, nikalisogeza mbele kwa upana wa kidole.

Mwalimu akauliza uwanjani, "Uzi unasemaje?"

"Umekubali, Mwalimu."

Akampangia vilima vitano. Nilisimama chini nikihesabu. Alipokuwa akishuka kilima cha tatu goti likakwama, akaanguka, na sauti aliyoitoa bado naisikia. Hadi tunafika hospitali goti lilikuwa kama boga. Daktari akasema hajui kama atatembea, sembuse kukimbia. Niliogopa hata kumtazama kaka yangu usoni.

Mwalimu Gwandu akaniomba uzi. Sufu iliyofungwa miezi minane haisahau fundo lilipokuwa, palibaki mkunjo. Akaupapasa kwa kidole gumba.

"Nani amelisogeza?"

Tluway akajibu kutoka kitandani, "Ni mimi, Mwalimu."

Mwalimu akauweka uzi kitandani. "Uzi umekataa, mguu ukabisha," akasema, akatoka. Wakimbiaji waliokuwa mlangoni wakayabeba maneno yale, wakayageuza onyo, na ndiyo mliyoyasikia leo.

Tluway hakukimbia tena, wala hakunitaja kwa mtu, na mimi nimenyamaza miaka arobaini na moja kwa woga. Sasa mmejua ni mkono wa nani uliosogeza fundo. Kesho nitamwomba radhi mbele yenu. Naye kocha wenu akiwaambia leo pumzikeni, msije kwangu kutafuta wa kuwatetea. Uzi ukikataa, mguu usibishe.