Mgeni wa Thelathini na Saba

Ndugu zangu, sogeeni mbele, na mliokaa barazani nisikilizeni. Leo nawapa hesabu. Msicheke, hesabu hii imeniudhi mwaka wa tatu sasa.

Kulikuwa na msimamizi mmoja wa chakula kwenye shughuli za msikiti. Hodari kweli, na sheria yake moja: sinia moja watu sita, basi. Siku hiyo ilikuwa arobaini ya fundi cherehani mmoja, kijana mwema, aliyefia pale pale mjini, mbali na kwao. Khitma ikasomwa, wali ukapakuliwa, msimamizi akaanza kuhesabu vichwa. Thelathini na saba.

Akawapanga sita sita, akabaki mtu mmoja. Mzee mgeni, kavaa kofia ya ukili, kakaa pale penye viatu. "Mzee, simama kwanza nikupange," akaambiwa. Msimamizi akajaribu wanne wanne, akabaki yule yule. Watatu watatu, yule yule! Wawili wawili, jamani, bado mzee wa watu kasimama! Maana thelathini na saba ndivyo ilivyo, ukitaka kuikata mafungu sawa haikubali. Ina njia mbili tu: kila mtu peke yake, au wote fungu moja.

Mtu mmoja akasema, "Si akae hapa na sisi, tuwe saba?"

"Saba!" msimamizi akafoka. "Leo saba, kesho nane, keshokutwa mnagombania nyama. Mzee, subiri masinia yarudi."

Masinia yarudi! Mnajua maana yake? Makombo. Na yule aliyemtetea akautazama wali.

Mzee akasema taratibu, "Haidhuru, mwanangu. Sikuja kula, nimekuja kumwombea." Akavaa ndara zake, akaenda zake.

Msimamizi akahesabu upya, uso ukamkunjuka. Thelathini na sita! Namba tamu hiyo, igawe kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa sita, yote inakubali. Watu wakanawa, wakala.

Baada ya kula, imamu akauliza, "Baba wa marehemu yuko wapi, tumpe mkono wa pole?" Ndipo mwanamke mmoja, mwenye nyumba aliyokuwa amepanga marehemu, akajibu kutoka upande wa wanawake: "Si yule mzee wa kofia ya ukili? Maskini, mazishi hakuyawahi. Leo ndiyo kafika na basi la asubuhi, nimemleta mwenyewe mpaka mlangoni!"

Wakakimbilia stendi. Basi la kwao lilikuwa limeshaondoka.

Haya niambieni, hesabu ya msimamizi ilikosea wapi? Haikukosea popote! Hilo ndilo linalonichoma. Na sisi je? Si kila siku tunatafuta wa kumtoa ili mambo yetu yakae sawa? Mgeni, mjane, mwenye kanzu iliyochakaa. Tukishamtoa tunasema alhamdulillahi, sasa tumetimia. Tumetimia nini? Mungu katuletea mwenye haki kuliko sote, sisi tukamfanya baki.

Wala msimlaani msimamizi peke yake. Kwenye masinia yale walikaa watu thelathini na sita, na kumpisha mtu ni kusogeza goti tu. Mimi nilikuwa sinia la tatu. Sikusogea.