Goti la Oakley na Mtulinga wa Wendell

Tangu ulipobuniwa mpira wenye umbo la yai, ule unaobebwa mikononi na bado ukaitwa wa miguu, haijapata kuandikwa hadithi yenye hekima nzito kama hii. Wasomaji wenye moyo dhaifu waketi. Wenye kofia wazivue. Methali itakayothibitishwa hapa isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ina maana pana, ya kina, yenye mizizi na matawi. Kwa kweli, maana yake ni fupi: kama hujawahi kukaa mahali pa mtu, funga domo. Wenye kofia wanaweza kuzivaa tena. Dunmoor kuna upepo wa ziwani.

Katika mji huo aliishi Kazimir Drozdowski, dereva wa gari la kukwangua theluji, ambaye watu wote walimwita Kaz, na ambaye hakuwahi kufunga domo hata siku moja. Kaz aliipenda timu ya Wahunzi kama mtu anavyolipenda jino linalomuuma: hakuacha kuligusa wala hakuacha kulalamika. Kila mwezi wa Aprili timu kubwa za nchi hukaa kuteua vijana waliomaliza vyuo, na timu iliyoshika mkia huchagua kwanza. Wahunzi, kwa desturi yao, walikuwa wameshika mkia. Meneja wao mkuu, Royce Tillinghast, akamteua mkimbiaji aitwaye Demarius Oakley, kijana mwenye mbio za swala na goti lililowahi kufanyiwa upasuaji. Mwezi wa Agosti, katika mazoezi, kabla ya mechi hata moja, goti lilikatika tena.

Kaz alipandwa na mori. Jumatatu jioni, katika gereji yake, aliipigia redio ya Dunmoor, ambako Duke Farraday alikuwa akipokea vilio vya mashabiki.

"Duke, lile goti hata marehemu bibi yangu angeliona, naye alikuwa na jicho moja! Huyu Tillinghast kaenda sokoni, macho kayaacha nyumbani! Oakley ni bidhaa mbovu. Bidhaa mbovu hairudishwi dukani siku hizi?"

"Pole pole, Kaz. Madaktari walisema limepona."

"Madaktari! Daktari wangu aliniambia niache mabawa ya kuku. Umesikia nimeacha? Tillinghast afukuzwe, na kiti chake kichomwe moto!"

Gerejini alikuwamo pia mpwa wake Julian, mtoto wa dada yake Bernadette, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Alikuwa mpole, mwenye adabu, msafi wa moyo. Alicheka kidogo tu, tena kwa heshima.

Kesho yake alifika gerejini Bi Odessa Whitlow, mkuu wa jiko la shule ya msingi na mwenyekiti wa ligi ya mpira ya watoto. Hakusalimia.

"Nimekusikia redioni, Kaz. Mji mzima umekusikia. Kocha wa timu ya Nyigu amehama, na Jumamosi tunateua watoto. Nyigu wanachagua kwanza."

"Sasa mimi nahusika vipi?"

"Wewe unayaona magoti kuliko madaktari. Njoo uteue."

"Bi Odessa, hiyo kazi naifanya nimelala."

"Vizuri. Uje umelala."

Jumamosi ilipofika, watoto wa miaka kumi na moja na kumi na miwili walikimbia kati ya koni, wakapimwa uzito, wakarusha na kudaka. Kisha makocha wakaingia katika bwalo la shule, wakaketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Kila kocha alipewa dakika tatu kwa kila jina, zilizopimwa kwa saa ya kuchemshia mayai. Saa hiyo ilitetema mezani kama nzi aliyenaswa.

Kaz alikuwa na majina mawili kwenye kibao chake. La kwanza ni Curtis Hargrove, mzima kama ndama, mzito, asiye na haraka na dunia. La pili ni Wendell Pike, aliyewaacha wenzake nyuma kwa hatua nne, na ambaye mwezi wa Machi alianguka kutoka kwenye trampolini, lile turubai la kurukarukia, akavunjika mtulinga, mfupa ule mwembamba unaoshika bega na kifua. Kulikuwa na barua ya daktari: umeunga. Kulikuwa na saini ya mama yake, Jolene. Na kule uwanjani, Wendell mwenyewe alikuwa amemjia Kaz akamwambia, "Kocha, najua wanakuambia nini. Nilivunjika. Sasa nimeunga. Tazama." Akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Saa ilitetema. Kaz alitokwa na kijasho chembamba. Aliisoma ile barua mara ya tatu, na mara ya tatu barua haikumwambia kitu ambacho haikumwambia mara ya kwanza.

"Sekunde kumi, meneja," akasema Bi Odessa.

"Pike!" Kaz akapaza sauti. "Wendell Pike. Na asiniulize mtu!"

Mwisho wa mwezi alimrudisha mpwa wake shuleni Thornwick, mwendo wa saa moja. Walipokuwa wakishusha begi, kengele ya kanisa la shule ikalia. Ilikuwa imepasuka tangu zamani, na sauti yake ilikuwa *kong*, kisha mkwaruzo mrefu kama sufuria inayoburutwa sakafuni.

"Mama yako anatoa karo yote ile, mnaamshwa na sufuria?" Kaz akauliza. Akacheka njia nzima ya kurudi.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Nyigu walishinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Wendell alipita katikati ya watoto wa watu kama maji yanavyopita kwenye vidole. Wazazi waliompita Kaz dukani bila salamu kwa miaka kumi, sasa walimpigapiga mgongoni kwa furaha. Gus Mazur, fundi wa mabomba ambaye mwanawe Travis alichezea Nyigu, alimletea soseji za kuchoma na kumwita bingwa.

Mechi ya tano, Wendell alishikwa kiunoni, safi, bila hila, akaangukia bega. Hakulia. Alikaa kwenye nyasi akaushika mkono wake kwa mkono wa pili, akamtazama Kaz kwa uso wa mtu aliyevunja kitu cha jirani.

"Samahani, kocha," akasema.

Wazazi hawakusema samahani. Gus Mazur aliruka kamba ya uwanja.

"Mtulinga ule ule! Kaz, mtulinga ule ule! Mtoto wa Hargrove alikuwa mezani, mzima kama ng'ombe, ukachukua kikombe kilichogandishwa kwa gundi! Ulikuwa unatazama nini?"

"Daktari aliandika..."

"Madaktari!" Mazur akafoka. "Tuna mechi nne zimebaki, bwana! Nne! Nani atakimbia sasa, wewe na kitambi chako?"

Hadi jioni, karatasi ilikuwa inazunguka mjini ikidai Kaz aondolewe. Ilikuwa na saini kumi na tisa, na mbili zilikuwa za watu wasio na watoto.

Jumatatu Kaz alibeba bakuli la pierogi, zile sambusa za kuchemshwa za viazi na jibini anazopika dada yake, akaenda kwa akina Pike. Wendell alikuwa sebuleni kwenye kochi la kukunjua, amelazwa chali, mkono umefungwa kifuani. Jikoni redio ilikuwa ikiongea. Jolene alipokea bakuli, macho mekundu kwa kukesha.

"Mimi nami niliitia saini ile karatasi ya kukuondoa, Kaz," akasema. "Kwa hiyo usinitazame hivyo."

Ndipo Duke Farraday akatangaza mpigaji simu aliyejiita Mzalendo wa Dunmoor. Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, yenye kikohozi.

"Duke, mwanangu, tuna Tillinghast wetu hapa hapa! Huyu Drozdowski wa Nyigu! Lile bega hata marehemu bibi yake angeliona, naye alikuwa na jicho moja! Yule mtoto ni bidhaa mbovu, Duke. Bidhaa mbovu hairudishwi dukani siku hizi?"

Duke alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Jolene alikimbilia jikoni kuizima, lakini neno lilikuwa limeshafika sebuleni. Wendell alitazama dari.

"Ananisema mimi?" akauliza.

Kaz alifura, mishipa ya shingo ikamsimama. Alikuwa tayari kuipasua ile redio kwa ngumi. Lakini kabla Jolene hajaigusa, nyuma ya sauti ya yule mzee ilisikika *kong*, kisha mkwaruzo mrefu wa sufuria inayoburutwa sakafuni. Kaz aliteremsha mkono polepole.

Aliomba simu ya Jolene, akapiga.

"Duke, ni Kaz. Usinikatize. Mwezi wa Agosti nilimwita Oakley bidhaa mbovu, hapa hapa kwako. Kijana wa miaka ishirini na mbili. Huenda alikuwa kitandani, redio iko jirani, na mama yake anakimbia kuizima. Sikuliwaza hilo. Hata sekunde moja sikuliwaza. Tillinghast kama alikosea, alikosea barua ya daktari ikiwa mkononi na saa ikimlilia sikioni. Najua ilivyo. Mimi nilikosea vivyo hivyo, na bado sijui ningefanya nini kingine. Mnikasirikie mimi. Mtoto mwacheni." Akavuta pumzi. "Na wewe Mzalendo, Ijumaa nakuja kukuchukua. Unajua ni wapi."

Ni nani aliyekuwa Mzalendo wa Dunmoor? Wanahistoria wanabishana. Wengine husema alikuwa mzee wa bandarini, wengine msafiri. Tuliache hilo, kwa sababu Jumanne kulikuwa na mkutano.

Mkutano ulifanyika kwenye lile bwalo. Mazur aliisoma karatasi yake kwa sauti, kila saini, kama mtu anayesoma majina ya mashujaa. Bi Odessa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mezani kibao cha Kaz, filimbi, na saa ya mayai.

"Sawa. Kaz hayupo tena. Gus, Jumamosi kuna mechi. Una watoto kumi na watatu, na sheria yetu ni kwamba kila mtoto acheze. Mmoja wao anaumwa kifundo cha mguu, anakificha ili asiachwe nje. Panga timu. Dakika tatu."

"Ni yupi anayeumwa?"

"Kama ningejua ningekwambia."

Saa ikaanza kutetema. Mazur alikamata kalamu kwa ghadhabu, akaandika jina la kwanza, akalikata. Akaandika la pili. Alipofika kwa Travis, mwanawe mwenyewe, kalamu ilisimama. Watu waliona akikumbuka kitu: ngazi za nyumbani, labda, na mtoto anayezishuka akishika ukuta. Saa ikalia. Kwenye karatasi kulikuwa na majina mawili tu, moja limekatwa.

"Nani mwingine?" Bi Odessa akauliza, akikisukuma kibao kwenye meza, mbele ya waliotia saini mmoja mmoja. Kilipita kwa Jolene, kikapita kwa wasio na watoto, kikafika mwisho wa meza bila kuguswa na mkono hata mmoja. Mwisho wa meza alikuwa ameketi Kaz.

Mazur hakuomba radhi. Alivaa kofia yake, akaikunja ile karatasi, akatoka na kuubamiza mlango hadi masufuria ya Bi Odessa yakalia. Lakini Travis hakucheza Jumamosi, na aliyemweka nje alikuwa baba yake.

Na hapo hadithi ingekoma kwa heshima, lakini Mjomba Kaz amesimama nyuma ya kiti changu tangu aya ya tatu, na sasa hivi ameweka kidole kwenye maneno "mpole, mwenye adabu, msafi wa moyo" akauliza, "Huyu ni nani?"

Ni mimi. Julian ni mimi, na Mzalendo ni mimi. Mama alinisimulia habari za bega, nami nikapiga simu kutoka kwenye korido ya bweni, nimefunga taulo mdomoni ili nipate sauti ya mzee, wenzangu sita wakijizuia kucheka. Nilidhani namrudishia mjomba maneno yake tu. Mtoto sikumkumbuka kabisa, na kengele nilikwishaizoea, siisikii tena.

Ijumaa mjomba hakunipiga. Ningependelea anipige. Aliendesha saa nzima bila kuwasha redio, akanishusha mlangoni kwa akina Pike, akasema, "Ingia ukaseme."

Nilisema. Wendell alinisikiliza akiwa amelala chali.

"Ile sauti uliifanyaje?"

"Taulo."

"Ifanye tena."

Nikaifanya, na kikohozi chake. Alicheka mpaka bega likamuuma, akaushika mkono wake, jasho likimtoka.

"Sasa sema lile neno. Lile la dukani."

Nilifungua mdomo. Kule koridoni lilikuwa limetoka laini kama sabuni. Hapa halikutoka.

"Kaa," akasema, akijisogeza kwa kiuno anipe nafasi. Nilikaa kwenye kochi lile, chuma chake kikanichoma papo hapo. Nikamuuliza anawezaje kulala hapo.

"Chali. Usiku wa saba leo. Siwezi kugeuka."

Mjomba ameniamuru niandike yote haya ili yasomwe mbele ya Wendell, mbele ya Bi Odessa, na nakala moja apelekewe Duke Farraday. Nimeandika. Kaz hakukijua kiti cha Tillinghast, Mazur hakukijua kibao cha Kaz, wala mimi sikulijua kochi la Wendell, mpaka kila mmoja wetu alipoketishwa hapo kwa nguvu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.