Jeshi Lililopakwa Rangi Mara Mbili

Isome yote, utaimaliza kabla ya kikombe chako cha chai, kisha mpelekee yeyote unayemjua anayejivunia kazi ya mikono yake.

Walikuwapo wafalme wawili majirani waliochoka kuzika vijana wao. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo ugomvi wao utamalizwa mezani, kwa mchezo wa vita. Kila mmoja angeleta jeshi la sanamu ndogo, urefu wa kidole gumba: wapiga mishale, wabeba mikuki, mazimwi wenye pembe na joka moja. Sheria kali ilikuwa moja tu. Sanamu ukishaigusa, ni hiyo hiyo utakayoichezesha.

Mwaka huo waligombea bonde la malisho. Mfalme Zaharani aliikabidhi kazi ya kutengeneza jeshi lake kwa Siwema, fundi aliyezaliwa bondeni humo. Ndugu zake wote walichunga huko, na mfalme akishindwa, wangehama na mifugo yao bila kujua pa kwenda.

Siwema hakuwa na wasiwasi. Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua. Alikwangua kila sanamu kwa kisu hadi mshono ulioachwa na kalibu usionekane, akabandika mikono, ngao na mabawa kwa gundi, akapaka rangi ya chini, kisha akashika brashi nyembamba kama sindano. Mazimwi aliwachora kope. Mikanda ya wapiga mishale aliitia maua. Waziri alipowatazama kwa kioo cha kukuzia, alisema hajaona kitu kama hicho tangu azaliwe, na Siwema hakumbishia.

Zikiwa zimebaki siku nne, alilipanga jeshi juu ya meza ya mchezo ili alikague. Alikuwa amechoka, akajitupa kwenye kiti cha karibu.

Kutoka pale hakuona kope wala maua. Aliona tope. Zile rangi laini zilikuwa zimemezana, na yeye aliyewatengeneza hakuweza kumtofautisha mpiga mishale na mbeba mkuki. Aliona aibu kwanza, kisha akaogopa kwelikweli.

Hakulia wala hakumwita mtu. Alimimina rangi nyeusi kwenye mikunjo ya nguo, akapiga nyeupe kwenye kila ukingo, akapaka ngao za wabeba mikuki nyekundu ya kuchoma macho na kofia za wapiga mishale njano. Kazi ya miezi mitatu ikafunikwa kwa siku tatu.

Waziri alipokuja na kioo chake alitaka kuzimia. Akampeleka Siwema moja kwa moja kwa mfalme, akashtaki kwamba jeshi limeharibiwa na nyuso zote sasa ni kama za watoto waliojipaka masizi. Mfalme akamuuliza fundi ana neno gani.

"Mtukufu Mfalme," Siwema akasema, "nilikaa kwenye kiti chako."

Adhabu ya kukalia kiti cha mfalme ilikuwa kufukuzwa nchini.

"Sikukusudia. Lakini nililiona jeshi kama utakavyoliona wewe siku ya mchezo. Nakuomba ukae, utazame, ndipo unihukumu."

Mfalme akaenda kwenye meza ya mchezo, akakaa. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema tu kwamba hukumu itangoja mchezo uishe.

Siku ikafika. Jeshi la jirani lilikuwa limetengenezwa na Haidari, fundi ambaye hata Siwema alimheshimu. Wageni walipokezana kioo cha kukuzia wakiguna kwa raha. Walipofika kwa jeshi la Siwema walifunika midomo wasicheke. Yeye aliwatazama usoni mmoja mmoja, hakuinamisha kichwa.

Mchezo ulipofika katikati, mfalme jirani alitaka kumsogeza mbeba mkuki azibe pengo mbele ya joka lake. Mkono ulikwenda, ukasita, ukashika. Alipoileta sanamu karibu na macho akakuta ni mpiga mishale, mzuri ajabu, mwenye tabasamu. Sheria ni sheria. Pengo likabaki wazi, mazimwi wa Zaharani wakapita, na kabla ya adhuhuri bonde lilikuwa lake.

Haidari alichukua sanamu moja ya Siwema, akaisogeza puani, akakunja uso. Akairudisha mezani, akarudi nyuma hatua tatu. Hapo akamwinamia mwenzake.

Waziri akamkumbusha mfalme kwamba bado kuna hukumu.

"Ipo," mfalme akasema, akasimama na kumpisha Siwema. "Kuanzia leo, kila jeshi utakalonitengenezea, utalikagua ukiwa umekaa hapa."

Siwema akakaa, safari hii mbele ya watu wote.

Funzo: Usiipime kazi yako kwa jicho la fundi peke yake; kaa kwanza pale atakapokaa mwenye kuitumia.